Jinsi ya Kuunda Upya Ndege ya Kudondosha Mabomu kwa Vipande Vilivyookolewa

Sisi wa Kigoma hatuhitaji kushawishiwa sana kwamba chombo kilichokuja vipande vipande kinaweza kusimama, kwa kuwa meli ya Liemba ililetwa hapa ikiwa ndani ya masanduku, ikaunganishwa ufukweni na kuzinduliwa mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene, na grisi hiyo ndiyo iliyoziokoa. Mwongozo huu ni kwa mafundi wanaojitolea kuunda upya ndege ya zama za Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya kutazamwa na si ya kurushwa.

Msitafute ndege moja kamili, kwa maana hamtaipata. Uingereza iliunda ndege zaidi ya 6,000 za aina ya Halifax, lakini baada ya vita karibu zote ziliishia kwenye chuma chakavu. Wale wa Elvington, jumba la makumbusho ya ndege huko Uingereza, walianza na kipande cha kiwiliwili cha Halifax kilichokuwa kimegeuzwa banda la kuku katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, wakachukua mabawa ya ndege nyingine iitwayo Hastings, na kazi yao ikatolewa hadharani Ijumaa, tarehe 13 Septemba 1996. Kwa hiyo ulizeni mashambani na kwa wauza vyuma chakavu, mkiwa na kibali cha mwenye mali na cha mamlaka inayohusika. Mkikuta risasi au bomu, msiliguse. Ondokeni mkaite polisi. Saa za vipimo za ndege za zamani zenye namba zinazong'aa gizani huweza kuwa na radiamu, basi msizifungue wala kuzikwangua, bali zitengeni na kuwaarifu Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kipande kikifika karakanani, mkono wa kwanza kukigusa uwe wa mwenye kamera na daftari, si wa mwenye brashi. Namba ndogo zilizogongwa kwenye bati, alama ya mkaguzi wa kiwandani na hata rangi iliyofifia ndizo zitakazowaambia kipande kilikaa wapi, na msasa mmoja wa haraka unaweza kufuta habari ambayo haimo katika mchoro wowote. Pigeni picha pande zote, pimeni, kisha fungeni kibandiko chenye namba.

Usafishaji ufanywe kwa maji safi na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe ndani ya aluminiamu, na chembe hizo huchochea ulikaji pindi unyevu unapoingia. Unga mweupe juu ya bati unaweza kuondolewa, lakini bati likifumuka tabaka kwa tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa, nguvu yake imekwisha, na linafaa kubaki kuwa kielelezo cha kukatia jipya. Rangi ya zamani ya kijani au ya manjano ya ndani huenda ina kromiamu yenye sumu, kwa hiyo ilowesheni kabla ya kuisugua na vaeni barakoa.

Riveti, yaani vijiti vifupi vya metali vyenye kichwa vinavyoshikanisha mabati, ndiyo kazi itakayowala miezi. Ili kuing'oa, gongeni alama katikati ya kichwa chake, toboeni kichwa peke yake kwa keekee isiyozidi unene wa shina, kisha king'oeni na kulisukuma shina nje taratibu. Kijana mmoja tuliyefanya naye mazoezi ya mabati uani Kibirizi alipitiliza na keekee kwa sababu ya haraka, na tundu likatanuka kama yai. Bati lile zuri likahitaji kiraka. Tangu siku hiyo kila anayejiunga nasi hung'oa riveti 100 za bati bovu kwanza. Wakati wa kupigilia, shina la riveti ya milimita 4 lichomoze milimita 6 hivi, na likishapondwa liwe na upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 2. Tundu lake lisikaribie ukingo wa bati kwa chini ya milimita 8.

Msipigilie chochote kabla ya kujenga kiunzi imara cha chuma kitakachoshika mbavu za kiwiliwili katika mstari mmoja, kwa kuwa bati huvuta linapopigiliwa, na kosa dogo mwanzoni huwa pengo kubwa mkiani. Pimeni kwa uzi na timazi kila asubuhi. Boliti za chuma zinazogusa aluminiamu zipakwe rangi na utomvu wa kuzibia, ili metali hizo mbili zisigusane.

Kila kipande kipya kigongwe mwaka wake upande wa ndani, hata kama kinafanana kabisa na cha zamani, na namba yake iandikwe daftarini siku hiyohiyo kabla karakana haijafungwa.