Kupunguza gesi katika kiwanda kidogo cha maziwa: pima joto kwanza

Somo hili ni la wasimamizi wa viwanda vidogo vya maziwa hapa Nakuru na maeneo jirani ambao bado wanapasha maji kwa gesi ya mitungi. Ninawasihi jambo moja: msinunue mtambo wowote, uwe wa jua au wa umeme, kabla hamjajua kila kazi inahitaji joto la nyuzi ngapi. Karibu kazi zote za kiwanda cha namna hii humalizika bila kupita nyuzi 80, na joto la kiwango hicho halihitaji moto.

Hatua ya kwanza: orodhesha kazi na joto lake. Vijidudu vya maziwa huuawa kwa nyuzi 63 kwa dakika 30 ndani ya tangi, au kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 katika mtambo wa mabamba, ambamo maziwa hupita upande mmoja wa mabamba membamba ya chuma na maji moto upande wa pili. Kusafisha mabomba kwa dawa ya kostiki huhitaji nyuzi 70 hadi 80, ilhali kuosha mikebe hutosheka na maji ya nyuzi 50 au 60. Ukikuta boila ya mvuke inawashwa kwa ajili ya mikebe tu, umepata pa kuanzia.

Hatua ya pili: piga hesabu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja huchukua kilowati-saa 1.16 (kilowati-saa ni ile yuniti moja ya umeme), na maziwa huchukua pungufu kidogo. Kwa hiyo lita 1,000 za maziwa kutoka nyuzi 4 hadi 72 zinahitaji takriban kilowati-saa 74. Kilo moja ya gesi ina karibu kilowati-saa 12.8, hivyo boila ikipoteza asilimia 30, utachoma zaidi ya kilo 8.

Hatua ya tatu: rudisha joto linalotupwa. Hapa ndipo fedha nyingi zilipo, nami husikitika kuona wengi wakiiruka hatua hii. Katika mtambo wa mabamba, maziwa moto yanayotoka yanaweza kupasha yale baridi yanayoingia. Yakirudisha asilimia 85 ya joto, zile kilowati-saa 74 hubaki 11 hivi, kabla hujaweka hata paneli moja juu ya paa. Kisha nenda nyuma ya jengo asubuhi wakulima wanapoleta maziwa, uweke kiganja mbele ya feni ya tangi la kupozea. Upepo ule wa moto ni joto la maziwa linalomwagwa nje, huku ndani gesi ikiwaka ili kupasha maji ya kuoshea. Kupoza lita 1,000 kutoka nyuzi 35 hadi 4 huondoa kilowati-saa 34 au zaidi kidogo, na fundi wa majokofu anaweza kufunga kifaa cha kupitishia joto hilo kwenye maji kabla halijafika kwenye feni. Funika pia mabomba yote ya maji moto.

Hatua ya nne: chagua chanzo cha joto lililobaki. Siku yenye jua zuri kila mita mraba hupokea takriban kilowati-saa 5, na vipasha maji vya jua hunasa nusu yake. Mita mraba 20 zitapandisha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 60. Pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la hewa na kulihamishia kwenye maji, hutoa vipimo vitatu hivi vya joto kwa kimoja cha umeme, na umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Boila ya gesi ibaki kama akiba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Njoro: Mwalimu, Julai huku ni mawingu na baridi. Jua litatutosha?

Jibu: Peke yake, la. Liache lipashe maji hadi nyuzi litakazoweza, kisha pampu ya joto au gesi imalizie. Maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 35 badala ya 18, kazi iliyobaki imepungua sana.

Mwanachama wa Bahati: Tuko karibu na Menengai. Hatuwezi kutumia mvuke wa ardhini moja kwa moja?

Jibu: Inawezekana kiufundi, kwa kuwa GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza joto la ardhini, imeonyesha pale Menengai jinsi joto hilo linavyopasha maziwa, kufua nguo na kulea samaki. Tatizo ni umbali: bomba refu ni ghali na hupoteza joto njiani. Wanaofikiria kujenga kiwanda kipya ndio wanaopaswa kulitazama kwa makini.

Mwanachama wa Muhoroni: Sisi hupika sukari nguru. Pampu ya joto itatufaa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sukari nguru humalizikia juu ya nyuzi 110, na pampu za kawaida hazifiki huko. Ninyi mna machicha ya miwa, lakini yakitoka kinuni karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hutumika kwanza kuyakausha. Yaanikeni juani, myahifadhi chini ya paa, na moshi unaotoka uelekezwe chini ya karai la kupashia juisi mbichi kabla haujafika kwenye dohani.