Piga hesabu ya jiko lako kabla ya kumwita fundi

Fundi akiingia jikoni unakotaka kukarabati, akatupa macho juu na chini kisha akataja jumla papo hapo, ujue amekadiria mfuko wako, kazi bado. Ukitaka msemezane vizuri, anza na idadi; bei itafuata. Mfano wangu ni jiko la Dar es Salaam la mita 3 kwa 3.6, lenye kaunta ya umbo la L.

Hatua ya 1: Amua kinachobaki

Sinki likibaki lilipo, umeepuka kufukua sakafu, kuhamisha bomba la maji machafu na kupasua ukuta. Mara nyingi hapo unaokoa zaidi kuliko kwa kununua marumaru za bei ya chini.

Hatua ya 2: Pima

Sakafu: 3 × 3.6 ni mita za mraba 10.8. Marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinaingia 30. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, zinakuwa 33. Kama boksi lina vipande 4, nunua maboksi 9, siku moja, na ukague namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila boksi. Zikitofautiana, rangi nayo inaweza kutofautiana, na utaligundua hilo zikishakauka sakafuni.

Kaunta ndipo watu wengi wanapopigwa. Kuta mbili ni 3.6 na 3, jumla mita 6.6. Lakini kaunta ina upana wa sentimita 60 na kona ni moja tu. Ukijumlisha kuta zote kamili umeilipia kona mara mbili. Graniti ya kulipia ni mita 6. Marumaru za ukutani juu yake, hizo ndizo zinazofuata kuta: 6.6 × 0.6, yaani mita za mraba 3.96, kisha asilimia 10 yako. Na graniti isikatwe kwa vipimo vya karatasi. Subiri makabati yafungwe, ndipo mkataji aje kupima mwenyewe.

Seremala akikutajia bei kwa mita, muulize: ni makabati ya chini tu, au na ya juu? Bawaba, reli za droo na vishikio vimo?

Hatua ya 3: Chagua mbao kwa hali ya hewa yetu

MDF ya kawaida (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ikilowa huvimba, na hairudi. Kabati la chini ya sinki liwe la plaiwudi inayostahimili maji. Kwingine MDF inatosha. Msasani au Mbezi Beach, karibu na chumvi ya bahari, weka bawaba za chuma cha pua. Mpenzi wa mninga aweke kwenye milango tu.

Hatua ya 4: Andika yasiyoonekana

Sementi, mchanga, grauti, silikoni, nyaya, soketi, mabomba. Kubeba kifusi. Kirikuu (kigari cha mizigo) kutoka Kariakoo, na ukiwa Kigamboni, tozo ya daraja. Ghorofa la tatu Upanga bila lifti? Vibarua wa kupandisha mizigo nao wanalipwa. Nyumba ikiwa ya zamani, fundi bomba akague mabomba ya chuma kabla marumaru hazijabandikwa.

Hatua ya 5: Sasa uliza bei

Peleka orodha ileile kwenye maduka matatu ya Gerezani, na kwa makabati pitia Keko. Uliza kama VAT imo, na dai risiti ya EFD, mashine ya kodi. Ufundi uandike safu yake peke yake: marumaru kwa mita ya mraba, umeme na bomba kwa kazi nzima. Fundi anayetaka kuchanganya vifaa na ufundi katika jumla moja, mimi humwambia atenganishe au tuachane.

Hatua ya 6: Akiba na malipo

Juu ya jumla ongeza asilimia 15, na fundi asiijue. Lipa ufundi kwa awamu, kila awamu baada ya kazi inayoonekana, na ya mwisho ishikilie mpaka sinki limetumika siku mbili bila kuvuja.