Somo: Namna ya kujua kama mashine yako ya kupima moshi inasema kweli

Wakuu salama? Kuna wadau wamenisumbua muda mrefu niandike hii kitu, leo nimetulia kidogo. Somo ni la wale wanaoshinda na ule mfumo wa kupima moshi muda wote, wengi tunauita CEMS, kwenye mitambo ya umeme ya makaa, mafuta au gesi. Sitaeleza analaiza (kile kifaa chenyewe kinachosoma gesi) inafanyaje kazi ndani, hiyo kitabu chake kinaeleza vizuri kuliko mimi. Nataka tuongelee unahakikishaje kwamba namba inayotokea kwenye skrini ndiyo iliyopo kwenye bomba la moshi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna mtambo nilikuwa naangalia, NOx (yaani gesi za NO na NO2 kwa pamoja) ikaanza kushuka kidogo kidogo, wiki mbili hivi, wakubwa wanachekelea wanasema bena zimetuniwa vizuri safari hii. Kila asubuhi nafanya kalibresheni, yaani napitisha gesi ya mtungi yenye kiwango kinachojulikana nione mashine inasoma ngapi, na inapita tena inapita kwa maringo. Kumbe mimi gesi ya mtungi naichomeka pale pale nyuma ya analaiza, kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu valve ya juu ilikuwa inasumbua na ngazi za bomba la moshi mnazijua. Siku napanda kubadilisha filta ya probu (kile kibomba kinachovuta sampuli kutoka kwenye bomba la moshi) nikakuta oringi imepasuka, pampu inavuta moshi na hewa ya nje kwa pamoja.

Hebu tupige hesabu muone inavyodanganya, tuchukulie vipimo vyote ni vya moshi mkavu. Moshi wenyewe una NOx 400 mg kwa mita ya ujazo na oksijeni 6%. Hewa ya nje ikiingia asilimia 10 ya sampuli, NOx inasomeka 360 na oksijeni inapanda mpaka 7.5%. Sasa kama oksijeni nayo inapimwa kwenye laini hiyo hiyo, ukirekebisha kwenda oksijeni ya rejea ya 6% (kiwango kimoja ambacho namba zote hupelekwa ili zilinganishike) unapata 360 × (21 − 6) ÷ (21 − 7.5) = 400, yaani kosa linajifuta lenyewe bila wewe kujua. Ila kwetu oksijeni ilikuwa inasomwa na sensa ya zirkonia iliyochomekwa moja kwa moja kwenye njia ya moshi, yenyewe inaona 6 kama kawaida, kwa hiyo 360 ikaripotiwa 360. Tangu hapo kila jaribio ninalofanya najiuliza kwanza, hili haliwezi kuona nini?

HATUA YA 1: Mtungi
Cheti cha mtungi kisome kabla hujaufunga, sio baada. Angalia kiwango, tarehe ya mwisho na namba ya mtungi iendane na iliyogongwa shingoni, nimeshaona vyeti vimebadilishana. Regyuleta ya gesi ya NO au SO2 iwe ya chuma kisichoshika kutu, na uisafishe kwa kuijaza na kuitoa gesi mara kadhaa kabla ya kutumia, maana hewa iliyobaki ndani ina oksijeni na oksijeni ikikutana na NO inaigeuza NO2, halafu unakaa unailaumu analaiza bure. Na mtungi usiunyonye mpaka tone la mwisho, presha ikishuka sana kiwango cha gesi hakiaminiki tena.

HATUA YA 2: Jaribio la kila siku
Hapa ndipo kazi ilipo. Unapitisha gesi ya sifuri (isiyo na kile unachopima), halafu gesi ya juu. Kwa kanuni za Marekani za mitambo ya umeme (zile za Part 75) gesi ya juu inatakiwa iwe kati ya asilimia 80 na 100 ya spani, yaani ukomo wa juu wa kipimo uliowekewa mashine. Gesi iingie KWENYE PROBU, ipite filta, laini ya joto, kipoozeo (kinachotoa maji kwenye sampuli), pampu, kila kitu kinachopitiwa na moshi. Na mtiririko uwe mkubwa kidogo kuliko pampu inavyovuta ili ya ziada imwagike kwenye bomba la moshi, ila usifungulie kama unazima moto, ukiipa laini presha kubwa ile sehemu inayovuta hewa inageuka inatoa gesi nje, hewa haiingii tena, na unasoma namba nzuri kumbe tundu lipo pale pale.

Subiri isomeke imetulia. Sio sekunde thelathini unakimbia, SO2 hasa inapenda kung'ang'ania kwenye kuta za laini, inapanda polepole. Halafu, na hili ni kubwa, ANDIKA NAMBA KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE. Wengi wanarekebisha kwanza ndo wanaandika, matokeo yake daftari lote limejaa sifuri nzuri nzuri na hakuna anayejua mashine ilikuwa inahamaje.

Mfano: spani 500 ppm (sehemu kwa milioni), mtungi 450, mashine inasoma 462. Tofauti 12, gawanya kwa 500, ni 2.4%. Kwa SO2 na NOx mpaka wa kila siku wa Marekani ni 5% ya spani, umepita. Ingesoma 480 ungekuwa 6%, umefeli, na data kuanzia saa hiyo haihesabiki mpaka urekebishe na ufanye tena upite.

Jaribio hili halioni nini? Gesi ya mtungi ni kavu. Kumbuka hilo neno, tutalirudia kwenye maswali.

HATUA YA 3: Chati, sio bisibisi
Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 14181, hii hatua wanaiita QAL3, na ukweli wanaifanya vizuri. Masomo ya sifuri na ya juu unayachora kwenye chati ya udhibiti, ya Shewhart au ya kujumlisha tofauti, na mashine unaigusa tu pale chati inapokwambia kwamba imehama kweli. Ukiirekebisha kila siku kwa kufuata kila mtikisiko unaongeza mtikisiko wako juu ya wa mashine. Shifti tatu, mafundi watatu, kila mmoja anakuja na bisibisi yake, hiyo mashine haitulii hata kwa maombi.

Chati pia inakuonyesha tabia. Kuhama kidogo kidogo upande mmoja mara nyingi ni taa inachoka au kioo kinachafuka, kuruka ghafla ni mtu kagusa au mtungi umebadilishwa.

HATUA YA 4: Robo mwaka
Gesi tatu: asilimia 20 hadi 30 ya spani, 50 hadi 60, na 80 hadi 100. Kila moja mara tatu, na usirudie gesi ile ile mara mbili mfululizo, ruka ruka. Wastani wa kila kiwango usitofautiane na mtungi kwa zaidi ya 5% ya thamani ya mtungi. Hapa unatafuta mkunjo, mashine inaweza kuwa sahihi sifuri na juu halafu katikati imepinda.

HATUA YA 5: Kulinganisha na wapimaji wa nje
Hili ndilo jaribio pekee linalotumia moshi wenyewe, wenye unyevu wake, vumbi lake na joto lake. Marekani wanaita RATA: ran (raundi za kupima sambamba) zisizopungua 9, kila moja dakika 21 au zaidi, ukifanya 12 unaruhusiwa kutupa mpaka 3. Unachukua wastani wa tofauti, unaongeza kigezo cha uhakika ambacho ni t (namba ya kwenye jedwali la takwimu) mara mtawanyiko wa tofauti hizo gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya ran, halafu unagawanya yote kwa wastani wa wapimaji.

Mfano: ran 9, wapimaji wastani 200 ppm, sisi tuko chini kwa 8, mtawanyiko 6. t ya ran 9 ni 2.306, kwa hiyo 2.306 × 6 ÷ 3 = 4.6. Jumla 12.6 gawanya kwa 200, ni 6.3%. Mpaka ni 10%, umepita, na ukiwa 7.5% au chini unarudia baada ya mwaka badala ya miezi sita. Ila usishangilie, kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4.6 na mashine iko chini, hiyo inahesabika kwamba mashine inapendelea upande mmoja, na data yako yote itazidishwa kwa 1 + 8 ÷ 192, yaani 1.042, mpaka jaribio lijalo. Ingekuwa inasoma juu hakuna ambaye angekugusa.

Ulaya wanafanya tofauti: QAL2 ni vipimo sambamba 15 au zaidi ndani ya siku tatu au zaidi, unapata mstari wa kubadilisha usomaji wa mashine, halafu kila mwaka vipimo 5 vya kuthibitisha mstari bado upo. Tahadhari tu, mstari una eneo lake. Ukiwapa wapimaji siku ambazo mtambo umetulia, moshi msafi, mstari utakuwa mfupi na siku moshi ukichafuka uko nje yake.

HATUA YA 6: Data
Haraka haraka: saa ambayo mashine ilikuwa imefeli usiiache wazi wala usiijaze kwa kubahatisha. Kanuni za Marekani kwa SO2 na NOx zina utaratibu ambao upatikanaji wa data ukishuka chini ya 95%, halafu 90%, namba ya kujazia inazidi kuwa kali, na chini ya 80% unajaziwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Kwa hiyo spea ya pampu ni rahisi kuliko kukosa pampu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa shifti ya usiku: Mkuu, kwa hiyo kuchomeka gesi nyuma ya analaiza ni marufuku kabisa?
Jibu: Hapana kaka, ni kipimo kizuri cha kutafuta ugonjwa. Chomeka nyuma, andika, chomeka juu kwenye probu, andika. Nyuma 450 na juu 405? Analaiza nzima, njia ndiyo mgonjwa, inavuta hewa. Zote mbili chini? Rudi kwenye analaiza au mtungi. Ila ya kuripoti ni ya juu.

Mdau mwingine: Sisi kila siku tunapita, robo mwaka tunapita, wapimaji wakija SO2 yetu iko chini kwa asilimia 15. Tumebadilisha analaiza bado.
Jibu: Pole mkuu, analaiza mmeionea. Hapa ndo lile neno KAVU linaingia. SO2 inayeyuka kwenye maji. Kama laini ya joto ina sehemu imepoa, mvuke wa moshi unageuka matone pale na SO2 inazama humo. Gesi ya mtungi haina mvuke, inapita hapo hapo bila kupoteza kitu. Pita na kipima joto kwenye laini yote, hasa ncha mbili zinapounganishwa na probu na kipoozeo, mara nyingi pale kuna sentimita chache hazijafunikwa. Halafu angalia kipoozeo kama kinatoa maji yake vizuri au yamekaa yanaogeshana na sampuli.

Dada mmoja kauliza: Mtungi wetu ni wa NO tu na unasoma sawa, je kibadilishi cha NO2 kinahitaji kupimwa peke yake?
Jibu: Tena sana. Kazi ya kibadilishi ni kugeuza NO2 iwe NO ili analaiza iione. NO yenyewe haihitaji kubadilishwa, kwa hiyo kibadilishi kikifa kabisa mtungi wako hautasema neno. Kipime kwa gesi ya NO2 au kwa jenereta ya ozoni, ikishuka chini ya 95% badilisha kiini chake.

Na vumbi je, mtungi wake unapatikana wapi?
Jibu: Haupo. Sifuri na ya juu unapima kwa kioo na filta za rejea, zinakwambia macho ya mashine ni mazima, hazikwambii miligramu. Miligramu mpaka wapimaji wavute vumbi kwenye filta na kulipima uzito.

Swali la mwisho: Bosi anataka turekebishe mashine wapimaji wakishafika ili zifanane na zao.
Jibu: Kabla ya ran ya kwanza, ukirekebisha kwa kufuata mtungi na ukaandika, sawa. Kwa kufuata namba za wapimaji, hapana, na ran zikishaanza mikono mfukoni mpaka ya mwisho iishe. Rekodi za kompyuta zina saa na dakika mkuu, mkaguzi anayejua kazi anaanzia hapo.