Kutengeneza kiunzi cha mfupa kinachoyeyuka mwilini: hatua kwa hatua, na kwa nini lazima ukikate katikati

Mfupa una uwezo mkubwa wa kujiunga wenyewe, ila pengo likizidi sentimita 2 hivi, au nusu ya mzunguko wa mfupa ikiwa imeondoka, mara nyingi haujiungi tena hata ukisubiri miaka. Njia inayoaminika zaidi mpaka leo ni kuchukua mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe na kuujaza pale. Unafanya kazi vizuri, lakini hautoshi pengo likiwa kubwa, af mgonjwa anabaki na kidonda cha pili ambacho wengine kinawauma muda mrefu kuliko cha kwanza. Ndo maana tunahangaika na viunzi, yaani kitu chenye vitundu kama sifongo ambacho seli zinaingia, zinajenga mfupa, na chenyewe taratibu kinaisha.

Naandika njia ya chumvi, yaani unachanganya punje za chumvi na polima (plastiki ya minyororo mirefu), kisha unaziyeyusha chumvi kwa maji na palipokuwa na punje panabaki kitundu, kwa sababu haitaki mashine ya gharama na inakufundisha karibu kila kitu. Hiki ni kiunzi cha majaribio ya maabara, siyo cha kumwekea mtu, cha mtu kina njia yake ndefu ya vipimo na vibali.

Hatua ya 1: chagua polima kwa kuangalia muda. Mfupa kwenye pengo kubwa unajaa kwa miezi mingi, kwa hiyo kiunzi kikiisha mapema seli zinabaki hewani. Polima ya laktiki na glikoliki ya nusu kwa nusu inaisha kwa mwezi mmoja mpaka miwili, haraka mno kwa kazi hii, na inapovunjika inatoa asidi ambayo nje inaoshwa na maji ya mwili ila katikati inajikusanya na kufanya polima ya ndani ioze upesi kuliko ya nje. Polima nyingine, polikaprolaktoni, inachukua miaka 2 mpaka 3, inaisha taratibu, wengine wanasema taratibu mno. Mi naanza nayo maana inasamehe makosa mengi.

Peke yake ni kama plastiki tu, mfupa hauipendi sana, kwa hiyo tunachanganya na unga wa haidroksiapatiti ambao ndo wa jamii moja na madini ya mfupa.

Hatua ya 2: chekecha chumvi. Ukubwa wa punje ndo utakuwa ukubwa wa kitundu. Chini ya maikroni 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) seli zinabanwa, na mishipa ya damu inapenda vitundu vya zaidi ya 300, kwa hiyo tumia chekecheke mbili ubaki na punje za kati ya 300 na 500. Kausha chumvi kwenye oveni kabla, ikiwa na unyevu inashikana mabonge na vitundu vinatoka ovyo.

Hatua ya 3: changanya. Gramu 0.8 za polikaprolaktoni kwenye mililita 5 za kloroformu, kimiminika kinachoyeyusha polima, funga chupa, koroga na sumaku mpaka isionekane punje hata moja, usiharakishe. Weka gramu 0.2 za haidroksiapatiti, koroga tena vizuri, ukiweza pitisha kwenye mashine ya mawimbi ya sauti ili unga usishuke chini. Mwisho gramu 9 za chumvi. Itakuwa kama mchanga uliolowa, ndivyo inavyotakiwa. Kwa hesabu ya ujazo hapo unapata uwazi wa asilimia 84 hivi. Haya yote ndani ya kabati la kuvuta hewa, glavu na miwani, kloroformu inaumiza ini na glavu nyembamba inazipenya haraka, ikikudondokea badilisha hapo hapo usingoje.

Hatua ya 4: shindilia kwenye kalibu ya kioo au ya teflon. Shindilia polepole ili punje zigusane, maana pale punje mbili zinapogusana ndo patakuwa mlango kati ya kitundu na kitundu, bila mlango unakuwa na vyumba vilivyofungwa. Funika nusu nusu, acha siku 2 ndani ya kabati, halafu kwenye vakyumu, chombo kinachonyonywa hewa, siku 2 nyingine. Ukiacha wazi kabisa kloroformu inatoka kwa kasi na juu inatokea ngozi isiyopitisha kitu. Ikitokea, ikate na wembe.

Hatua ya 5: toa chumvi. Kata vipande vya unene wa milimita 5, tumbukiza kwenye maji yaliyochujwa, badilisha kila baada ya saa 6 mpaka 8 kwa siku 3. Mara ya kwanza mi nilijaribu maji ya mwisho kwa matone ya nitrati ya fedha, ambayo yanatoa weupe chumvi ikiwemo, hayakutoa weupe, nikaridhika, baada ya wiki seli zikafa zote na nilipokata kipande nikakuta chumvi imejaa katikati. Tangu siku ile nakata kipande kimoja, naloweka ile sehemu ya ndani kwenye maji kidogo usiku mzima, hayo ndo maji ninayoyapima. Pima na uzito pia, kikikauka kibaki karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwanzo.

Hatua ya 6: jaribu milango. Polikaprolaktoni inakataa maji, ukiitupa kwenye maji inaelea na hewa yake ndani. Iloweshe kwanza na etanoli, kisha maji, ndani ya vakyumu mpaka mapovu yaishe. Chukua kimoja, weka tone la maji yenye rangi ya bluu juu, subiri, kata. Rangi ikifika katikati sawa. Ikiishia pembeni, rudi hatua ya 4 na safari hii weka chumvi peke yake kwenye kalibu, iache usiku mzima kwenye chombo kilichofungwa chenye unyevu wa karibu asilimia 95 na nyuzi 37, punje zitaungana shingo kwa shingo, zikaushe ndo umimine ule mchanganyiko wa polima na kloroformu, ukiwa mwepesi, juu yake mara mbili tatu.

Hatua ya 7: kuua vijidudu. Usiweke kwenye autoklevu, ile mashine ya mvuke wa moto wenye shinikizo! Nyuzi 121 wakati polima yako inayeyuka kwenye 60, utatoa tope. Kwa seli za maabara etanoli ya asilimia 70 inatosha ingawa haiui mbegu za bakteria, na ile taa ya urujuanimno haifiki ndani hata kidogo. Kazi ya wanyama inataka gesi ya ethileni oksidi, halafu muda wa kutosha gesi itoke, au miale ya gama.

Kuhusu nguvu sitasema mengi. Mfupa mgumu unabeba mgandamizo wa zaidi ya megapaskali 100, sifongo hii haikaribii hata kidogo, kwa hiyo mzigo unabebwa na chuma cha daktari, bamba au fimbo.

Hatua ya 8: weka seli, na baada ya wiki 2 kata tena. Oksijeni inasafiri maikroni 200 hivi tu kutoka ilipo damu, kwa hiyo kwenye sahani iliyotulia utakuta ukingo umejaa seli na katikati pamekufa, hata kama kila kitu ulifanya sawa. Hapo usiongeze seli, zitaziba milango ya nje. Sukuma chakula cha seli kipite ndani kwa pampu ya taratibu, au toboa mifereji ya milimita moja kutoka juu mpaka chini kabla ya kuweka seli, af linganisha vipande viwili, chenye mifereji na kisicho nayo, kwa picha za pale pale katikati.