Rivolva fupi kama bastola ya kwanza: anza na kidole, si na mfuko

Chukua mfano wa Smith & Wesson 642, ambayo ni miongoni mwa rivolva fupi (bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka) zinazojulikana sana. Ikiwa tupu ina uzito wa gramu 410 hivi, lakini triga yake huhitaji nguvu ya takriban kilo 5 ili nyundo irudi nyuma kisha ianguke na kuwasha fataki ya risasi. Hii ina maana kwamba kidole kimoja hutakiwa kuvuta kwa nguvu inayozidi mara kumi uzito wa kitu kinachoshikwa, huku mkono huohuo ukikizuia kitu hicho kisiyumbe. Mnunuzi anayeifahamu hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha yake hufanya uchaguzi tofauti kabisa na yule anayeanza kwa kuuliza ni bastola ipi inayoingia mfukoni.

Suala la kibali limalizwe kwanza, kwa kuwa masharti ya kumiliki, kubeba na kutunza silaha hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kuyavunja ni kosa la jinai. Mafunzo nayo yatangulie ununuzi. Mtu aliyekwisha kufyatua risasi 50 kwa rivolva ya kuazima, akiwa na mkufunzi pembeni, atajua mambo kuhusu mkono wake mwenyewe ambayo hakuna maelezo ya maandishi yanayoweza kumfundisha.

Sababu inayowafanya watu wengi wampendekezee mwanafunzi rivolva ni wepesi wake wa kueleweka. Silinda hufunguliwa, risasi hutumbukizwa kila moja katika tundu lake, silinda hufungwa, na tangu hapo kila triga inapovutwa silinda huzunguka na kuleta tundu linalofuata mbele ya mtutu. Risasi ikikataa kulipuka, mtu huvuta triga tena na risasi nyingine huja. Hakuna magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, ya kusahau ndani, na kuhakikisha kwamba silaha ni tupu ni jambo la kufungua silinda na kutazama. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva nchini Marekani mwaka 1836, na zile fupi za kubebwa kwa siri zilishika sura tunayoijua kupitia Colt Detective Special ya mwaka 1927, yenye matundu 6 na mtutu wa inchi 2, kisha Chiefs Special ya Smith & Wesson ya mwaka 1950, iliyopunguza tundu moja ili silinda iwe nyembamba. Yote hayo ni kweli, ila wepesi wa kuielewa silaha si wepesi wa kupiga nayo shabaha, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hupotoshwa. Rivolva fupi ni miongoni mwa bastola ngumu zaidi kulenga nazo: mtutu ni mfupi, kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana mno hivi kwamba kosa dogo la macho huwa kubwa kwenye shabaha, mpini ni mdogo, na triga ni nzito.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuamua ni uzito, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua ya chuma. Risasi ileile ikifyatuliwa katika bastola yenye nusu ya uzito, bastola hurudi nyuma kwa kasi maradufu na kwa nishati maradufu. Hiyo ni kanuni ya fizikia, na mazoea hayaibadilishi. Ruger SP101, ambayo ni ya chuma kitupu, ina gramu 700 na zaidi kidogo, na mtu anaweza kufyatua nayo mazoezi ya saa nzima bila kuanza kufumba macho kabla ya kila mlio. Zile za aluminiamu au zenye fremu ya plastiki ngumu, kama Ruger LCR iliyotoka mwaka 2009, hubebeka kwa raha siku nzima lakini hupiga teke. Nyepesi kupita zote, zilizotengenezwa kwa titani na skandi, zina gramu 330 hivi, na teke lake huwa kali kiasi kwamba risasi ambayo kichwa chake hakikubanwa sawasawa kwenye ganda huweza kuchomoza mbele na kuizuia silinda isizunguke. Wauzaji wengine humkabidhi mwanamke aliyekuja kununua bastola yake ya kwanza hiyo nyepesi kuliko zote, kwa hoja kwamba ni ndogo na inamfaa. Hoja hiyo imegeuzwa kichwa chini, kwa kuwa mkono mdogo ndio unaoumizwa zaidi na bastola nyepesi.

Kuhusu aina ya risasi, .38 Special ndiyo njia ya kati. Rivolva iliyotengenezwa kwa ajili ya .357 Magnum hupokea pia .38 Special, kwa sababu vichwa vyake vina kipenyo kimoja na ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 hivi tu. Kinyume chake hakiruhusiwi kamwe. Ukipata rivolva ya chuma ya .357, inunue bila wasiwasi, uijaze .38, na usijione umepungukiwa kitu, maana .357 kamili katika mtutu wa inchi 2 huleta mlio, moto na maumivu ambayo mwanafunzi hana haja nayo. Risasi zenye alama ya +P, ambazo shinikizo lake ni kubwa kuliko la kawaida, zitumike tu ikiwa mtengenezaji wa bastola ameruhusu kwa maandishi. Kwa mtu mwenye mkono dhaifu au baridi yabisi, .32 H&R Magnum ni ya kufikiriwa: teke lake ni la upole zaidi, na silinda ndogo hubeba 6 badala ya 5. Hata hivyo, ulizia kwanza kama risasi hizo hupatikana kwa urahisi mahali unapoishi, kwa sababu bastola isiyo na risasi za mazoezi haitamfundisha mtu chochote. Ile ya .22 ni nzuri sana kwa kujifunzia, ingawa risasi zake, ambazo huwashwa kwa kugongwa ukingoni, hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko zile zinazogongwa katikati.

Dukani, omba kibali cha muuzaji, fungua silinda, tazama kila tundu na uliguse kwa kidole, kisha elekeza mtutu mahali salama na uvute triga polepole mara kumi. Usiitazame triga, tazama kilengeo cha mbele. Kama kinaruka upande nyundo inapoanguka, au kama kufikia mara ya saba kidole kimeanza kutetemeka, bastola hiyo haikufai, hata ikiwa imesifiwa na kila mtu. Angalia pia kama kidole cha mwisho kina mahali pa kukaa kwenye mpini au kinaning'inia hewani. Mipini mingi hubadilishwa kwa skrubu moja, kwa hiyo kasoro hiyo isikukatishe tamaa. Nyundo iliyofichwa ndani ya fremu haikwami kwenye nguo, wakati iliyo nje humruhusu mtu kuivuta kwa kidole gumba na kupata triga nyepesi. Mimi huchagua iliyofichwa, kwa sababu humlazimisha mwanafunzi kujifunza triga ndefu, ambayo ndiyo atakayoitumia wakati wa haja.

Rivolva iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya, lakini ikaguliwe kwa makini. Silinda ikiwa tupu, vuta nyundo taratibu sana huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa wepesi ili kuikawiza: inapaswa kujifunga mahali pake, kwa mlio mdogo unaosikika, kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, tundu halitalingana na mtutu, na risasi itakwaruza ukingoni na kutema vipande pembeni. Kisha iinue dhidi ya mwanga utazame mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, ambao usizidi unene wa karatasi mbili. Mwanya huo hutoa gesi ya moto hata katika bastola nzima, kwa hiyo kidole gumba kisikae kamwe karibu na sehemu ya mbele ya silinda. Mwisho, sukuma fimbo ya kutolea maganda na uchungulie chini ya nyota yake, yaani kile kibati chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda. Punje chache za masizi zilizokwama hapo zinatosha kuifanya silinda ikatae kuzunguka. Fimbo hiyo ni fupi katika bastola hizi, kwa hiyo wakati wa kutoa maganda elekeza mtutu juu na uipige kwa kiganja mara moja kwa nguvu, la sivyo maganda yatatoka nusu.

Rivolva nyingi za aina hii hazina kizuizi cha kubonyezwa kwa kidole, na uzito wa triga ndio kinga kuu dhidi ya triga kuvutwa kwa bahati mbaya. Kinga hiyo hufanya kazi tu ikiwa bastola imo katika ala ngumu inayoifunika triga kabisa. Kuitupa mfukoni pamoja na funguo ni kutafuta msiba. Nyumbani, hasa penye watoto, ikae ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na isipokuwa na kazi, kufuli ndogo ipitishwe kwenye fremu huku silinda ikiwa wazi.

Baada ya kununua, mazoezi mengi hayahitaji risasi, ila kwa ile ya .22 usifyatue tupu mpaka mwongozo wa mtengenezaji uruhusu. Peleka risasi zote chumba kingine, kagua matundu mara mbili, chagua ukuta ambao hauna mtu upande wa pili, kisha mwombe mwenzako akuwekee sarafu ndogo juu ya mtutu, nyuma tu ya kilengeo cha mbele. Vuta triga moja kwa moja bila kusimama njiani mpaka nyundo ianguke. Siku za mwanzo sarafu itaanguka kila mara. Ikianza kubaki mahali pake mara kumi mfululizo, rudi uwanjani na risasi 50 za .38, na uweke shabaha mita 5 tu mbele yako.