Kabla hujaagiza shahamu kutoka nje, angalia haya kwanza

Wengi wanaoanza kuagiza shahamu, yaani yale mafuta magumu ya ng'ombe na kondoo, swali lao la kwanza ni "tani bei gani?" wakijibiwa tu wanatuma hela. Naumia nikiona hivyo, manake bei ya tani peke yake haikwambii kama mzigo ni rahisi au ni ghali.

Anza kwa kujua unagombania mzigo na nani. Zamani shahamu ilikuwa ya watu wa sabuni na mishumaa, bei yake ikawa inafuata mawese maana mwenye kiwanda akiona hii imepanda anahamia kule. Hilo bado lipo, 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake yasiuzwe nje ya nchi toka mwishoni mwa Aprili mpaka Mei, soko zima la mafuta ya kula lilitikisika. Ila sasa kuna mnunuzi mwenye mfuko mnene kuliko wote, viwanda vinavyogeuza shahamu kuwa dizeli na mafuta ya ndege. Marekani iliyokuwa muuzaji mkubwa ikageuka mnunuzi mkubwa, ikawa inavuta mzigo toka Brazili, Australia, Kanada, na Singapore nako Neste, kampuni ya Finland, wana kiwanda kikubwa cha kazi hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kujua bei inaelekea wapi soma sheria za kodi za hiyo dizeli na mafuta ya ndege pia, mfano ile iliyosainiwa Marekani Julai 2025 inasema nafuu ya kodi kuanzia 2026 ni kwa malighafi ya Marekani, Kanada na Meksiko tu. Mimi naona mzigo wa Brazili na Australia utatafuta milango mingine, na hapo mnunuzi mdogo anaweza kupata nafasi ya kujadiliana, lakini usiweke hela zote kwenye hiyo hesabu.

Takwimu za forodha zisikudanganye. Namba ya forodha ya mafuta ya ng'ombe, kondoo na mbuzi ni 1502, ya nguruwe na kuku ni 1501, usichanganye. Halafu ule wastani wa thamani kugawa kwa tani umechanganya mafuta safi ya kula na yale ya kahawia ya kiwandani, tena ni bei watu walizokubaliana miezi kadhaa nyuma. Na nchi nyingi zinaandika mauzo bila nauli ila manunuzi yakiwa na nauli na bima, so mzigo uleule unakuwa na bei mbili.

Kwenye ubora ndo hela inapotelea. Omba karatasi ya maabara yenye asidi huru (FFA, inayoonyesha mafuta yameharibika kiasi gani), maji, uchafu, rangi na nyuzi joto za kuganda, pia uliza kuhusu plastiki maana vifungashio vya nyama huwa vinaingia kwenye kuyeyushia. Sampo ikifika iyeyushe kwenye chupa ya kioo, iache mahali pa moto itulie usiku mzima, asubuhi angalia chini. Ukiona maji na mashapo ujue maji hayo yataendelea kupandisha asidi njiani kote, kwa hiyo mkataba useme asidi inapimwa wakati wa kushusha, sio kupakia tu. Cheti cha daktari wa mifugo nacho ni lazima, na kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kiwango cha kimataifa ni uchafu usioyeyuka usizidi 0.15%. Kama wateja wako wanataka halali, pata cheti kabla ya kulipa.

La mwisho ni joto, na hili nimelilipia mwenyewe. Shahamu inaganda kwenye nyuzi arobaini na kidogo hivi, sisi mzigo wetu ulikuja kwenye mfuko mmoja mkubwa (flexitank) uliotandikwa ndani ya kontena, tulifungua valvu yake, tukasubiri, halikutoka hata tone, mzigo wote ulikuwa umekuwa jiwe. Tukaanza kuhangaika na mvuke huku gharama za kuchelewesha kontena zinahesabu kila siku na faida yote ikaishia hapo. Uliza kabla ya kusaini kama pedi ya kupashia joto inatandikwa chini ya mfuko, tena omba picha siku ya kupakia, manake ikisahaulika huko huwezi kuichomeka chini ya tani 20 zilizokwisha kuganda.