Somo la Kwanza la Kuteleza kwenye Mawimbi: Kabla ya Kusimama, Jua Pa Kulala

Wengi huenda kwenye somo la kwanza wakiwaza kusimama tu. Kumbe anayeanguka mara nyingi alishakosea kabla hata hajainua goti: alilala mbele mno au nyuma mno.

Tuanze na ubao. Chukua wa sponji, mpana na mnene, wenye urefu wa futi 8 hadi 9. Mwenye mwili mkubwa asishuke chini ya 9. Ubao mfupi mgumu unapendeza machoni, ila unadidimia ukiulalia na hausamehe hata yumbo dogo. Tikisa mapezi ya chini uone kama yamelegea. Kagua na kamba ya mguuni: ikiwa na mpasuko, omba nyingine. Hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, na kamba yenyewe ielekee nje na nyuma usije ukaikanyaga.

Mguu wa nyuma ni upi? Mtu akusukume kidogo mgongoni bila kukuonya. Unaotangulia kukudaka, kwa wengi, ndio wa mbele. Kipimo hiki si cha uhakika. Ukiona unajikwaa kila mara, badilisha.

Panga somo asubuhi, kabla upepo wa baharini haujavuruga maji. Uliza pia kuhusu kupwa na kujaa, kwa sababu penye matumbawe, maji yakipwa sana miamba inabaki karibu mno na tumbo lako. Panapokufaa ni penye mchanga chini, mawimbi ya kufika gotini au kiunoni. Na kama mwalimu mmoja ana wanafunzi zaidi ya wanne, jua sehemu kubwa ya muda utakuwa unangoja zamu.

Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ipake robo saa kabla ya kuingia. Usisahau nyuma ya magoti, maana ndiko jua litakakokupiga ukiwa umelala. Tumboni na viganjani usipake, utateleza ubaoni kama sabuni. Fulana ya kubana itakuokoa na michubuko ya kifua.

Mazoezi ya nchi kavu, kama dakika 20, yanachosha lakini usiyaruke. Lala kifudifudi katikati ya ubao, vidole vya miguu vikigusa mkia wake. Weka viganja bapa kando ya mbavu. Usishike kingo: ukizishika, ubao unainama upande mmoja mara tu unapojiinua. Sukuma kifua juu, mguu wa nyuma uje, kisha wa mbele uingie katikati ya mikono. Nyayo zote zikae juu ya mstari wa katikati, zikipita upana wa mabega kidogo. Kunja magoti, si kiuno. Rudia mpaka mwili ufanye bila kufikiri.

Majini, ishia kiunoni. Ukitembea, buruta nyayo mchangani ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie badala ya kukanyagwa. Ubao uwe ubavuni mwako, kamwe usikae kati yako na wimbi. Wimbi litakutwanga nao. Mawimbi yako leo ni yale yaliyokwisha kuvunjika, yaani povu. Geuza ubao uelekee ufukweni, lala, ncha ya mbele ikae vidole vitatu au vinne juu ya maji. Povu likibakiza mita 4 au 5, piga makasia kwa mikono, ndefu na za kina, bila kuchapa maji. Mkia utainuka, na hapo ndipo wengi huruka kwa papara. Subiri! Ongeza makasia mawili au matatu hadi uhisi ubao unakwenda wenyewe, ndipo usimame, macho ufukweni.

Ncha ikizama ukarushwa mbele, jisogeze nyuma upana wa kiganja. Povu likikupita likakuacha palepale, jisogeze mbele kiasi hichohicho. Ukiangukia ubavuni baada ya kusimama, huenda ulitazama miguu. Kuanzia magotini kunaonekana rahisi, lakini uzito hubaki nyuma, ubao unayumba, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Ukianguka, jiachie kwa matako au mgongo, usitangulize kichwa. Maji ni mafupi. Ibuka ukiwa umefunika kichwa kwa mikono, kwani ubao unaweza kuwa unarudi. Kamba usiizungushe kiganjani. Wimbi likiivuta, vidole ndivyo vitakavyoumia.

Ukiona ukanda wa maji mawimbi hayavunjiki huku pembeni yanavunjika, huenda ni mkondo unaorudi baharini. Ukikuchukua, usishindane nao wala usiuache ubao. Inua mkono kuomba msaada, kisha piga makasia sambamba na ufukwe hadi utoke pembeni, uliko povu la kukurudisha.

Mikono ikianza kulegea, toka, hata kama muda umebaki, kwa sababu mtu aliyechoka hachelewi kujigonga. Somo la pili, mwombe mwalimu aache kukusukuma kwenye mawimbi machache ya mwisho, ili ujifunze mwenyewe ni saa ngapi ya kuanza kupiga makasia.